Shajara ya kushona turubai jepesi na begi la mgongoni, Morogoro

11 Januari 2025

Naanza kuandika kabla hata sijakata kitambaa, maana nikisubiri nimalize ntakuwa nimeshasahau nilipokosea, na mtu anayetaka kushona la kwake anahitaji kujua hapo hapo nilipokosea kuliko kuona picha ya begi lililokwisha.

Naishi Morogoro mjini na napanda Uluguru kila nikipata wikendi. Juzi nimeazima mizani ya mke wangu anayopimia unga wa keki nikapima vitu vyangu kimoja kimoja. Begi la mitumba nililonalo, lile lenye vyuma mgongoni na mifuko kila upande, ni kilo 2 na gramu 380. Turubai la buluu ninalolala chini yake mlimani, hili la kawaida la kuanikia mahindi, kilo 1 na gramu 920. Yaani kabla sijatia maji, mchele, shuka wala sufuria nina kilo 4.3 mgongoni, na ile njia ya kupanda toka Rock Garden kule chini kwenda Morningside juu mlimani haikuonei huruma, ni mwinuko tangu hatua ya kwanza.

Lengo langu ni begi na turubai, pamoja na kamba na vigingi, visizidi kilo 1 na nusu. Cherehani ninayo, ni ya miguu aliyoniachia marehemu mama, inashona mshono wa kunyooka tu, zigizaga hamna. Kushona najua kiasi, nimekua naona.

Kitambaa ndio shughuli. Nailoni nyepesi ya hema kwa mita sijaipata kwenye maduka ya vitambaa hapa, kwa hiyo nachukua shuka la nje la tenti la mitumba nalikata. Mahali pa kwanza nilipofikiria ni soko la Memorial kule Moshi, kwa sababu ya mlima pale utakuta vifaa vya kupandia vingi kuliko sehemu nyingine ninazozijua, na wiki ijayo naenda Moshi harusini.

19 Januari

Nimerudi na tenti, elfu 40, na nimepigwa. Muuzaji wala hakunidanganya, mimi ndio sikujua cha kuangalia.

Pale sokoni ilikuwa imekunjwa vizuri, rangi inang'aa, nikaangalia zipu, nikaangalia kama imechanika, nikalipa. Nyumbani nimeikunjua ikawa inaachana kwa shida huku inalia kama plasta inayobanduliwa kwenye kidonda, na harufu yake ni ya kitu kilichochacha, mke wangu alidhani mtoto kacheua. Kumbe upande wa ndani wa shuka la tenti hupakwa utando mwembamba wa poliurethani, huo ndio unaozuia maji, na ukikaa miaka kwenye joto na unyevu unavunjika wenyewe taratibu unageuka gundi. Sio uchafu, kwa hiyo kufua hakusaidii.

Nimejaribu sabuni ya unga na maji ya moto, hamna kitu. Nimeianika juani nikidhani itakauka, ikanata zaidi. Mwisho nimenunua spiriti duka la dawa nikawa nasugua kwa brashi kipande kwa kipande, hapo utando ukaanza kutoka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Saa tatu nzima nimemaliza upande mmoja tu. Kilichobaki ni nailoni tupu, nyepesi sana na imara, ila ukimwagia maji yanapita kama kwenye chandarua. Na sakafu yake ilikuwa ile ya plastiki inayopiga kelele kama mfuko wa saruji, hiyo sindano ikishapita inachanika kufuata matundu.

Hicho kipande nilichosugua nimekiweka, ntakifanyia majaribio ya silikoni ya kuzibia maji. Kingine nimetupa.

27 Januari

Safari hii nimemtumia mdogo wangu anayekaa Moshi hela na maelekezo. Nayaandika hapa kama nilivyomwambia kwenye simu: ingiza pua ndani ya tenti unuse, ikiwa na harufu ya kuchacha achana nayo hata wakikupa bure. Halafu chukua upande wa ndani ubandike kwa upande wa ndani, ubane na kiganja uhesabu mpaka thelathini, achanisha, ukisikia inanata achana nayo. Kwaruza na kucha kwenye kona, utando ukitoka kama unga achana nayo. Kwenye mshono angalia ule utepe wa ndani, ukiwa umeanza kubanduka jua na utando wenyewe umezeeka.

Baada ya saa moja ananipigia, "Kaka, nimeshanusa tenti tano, huyu baba ananiangalia tu." Nikamwambia nusa ya sita. Ya sita ndio ilikuwa nzuri, haina nguzo wala mfuko, ni shuka la nje na sakafu tu, elfu 30, na kuituma kwa basi elfu 5. Tenti isiyo na nguzo hainunuliwi na mtu anayetaka kulala ndani yake ndio maana bei yake inakuwa chini, na sisi nguzo hatuzihitaji.

Nimechoma uzi mmoja uliochomoka pembeni kuangalia ni kitu gani. Poliesta ikiungua hutoa moshi mweusi wenye masizi, huu ulitoa moshi mwepesi, kwa hiyo ni nailoni. Shuka linatoka kama gramu 70 kwa mita ya mraba. Sakafu nayo ni nailoni nzito yenye utando mzima kabisa, hiyo ndio itakuwa mwili wa begi.

2 Februari

Nimekata turubai. Kipimo ni mita 3 kwa mita 2.4, vipande viwili vinavyokutana katikati kwenye mgongo wa turubai.

Jambo ambalo nilikuwa silijui kabisa ni kwamba kingo za turubai zikikatwa mnyoofu, ukivuta kona zile kingo katikati zinalegea na usiku mzima upepo unazipiga pwata pwata pwata. Inatakiwa ukingo uingie ndani kidogo kwa mkunjo, na mkunjo sahihi ni ule wa mnyororo unaoning'inia. Basi nimepiga misumari miwili ukutani umbali wa mita 3, nyuma yake nimebandika karatasi la kaki, nikaning'iniza mnyororo mwembamba wa mbwa toka msumari mmoja mpaka mwingine nikaufuatisha kwa penseli. Mara ya kwanza niliuacha mnyororo ushuke sentimita 20, nikaona nimepoteza eneo kubwa la kujifunika, nikaukaza mpaka sentimita 9. Kwa bahati hiyo ilikuwa kwenye karatasi tu.

Kukata nimetumia chuma cha kulehemu cha fundi redio, pembeni rula ya chuma, chini kioo cha dirisha. Ukingo unayeyuka na kujifunga hapo hapo, hautoi nyuzi. Fanyia nje, ule moshi sio wa kuvuta. Na usitulie mahali pamoja, mimi niligeuka kumjibu mtoto nikapata tundu la ukubwa wa harage, likaja kufunikwa na kiraka cha kona.

9 Februari

Wiki ya mshono wa mgongo, na ndio wiki iliyonifundisha kuliko zote.

Mshono niliochagua ni ule wa jinzi, unaolazwa, unashona mara ya kwanza halafu unakunja ukingo mmoja umeze mwingine unashona tena juu, hivyo hamna ukingo unaobaki wazi na nyuzi mbili zinagawana mzigo. Nikaanza na sindano iliyokuwemo kwenye cherehani, namba 16, na uzi wa pamba. Mita moja tu kitambaa kikawa na vikunyanzi kama uso wa mtu aliyekunywa mwarobaini, na ukikiinua juani kila tundu unaliona. Juu yake kitambaa kinateleza, kipande cha chini kimevutwa na meno ya cherehani kikamaliza mbele ya cha juu kwa sentimita 4.

Nikabeba nikaenda kwa mama fundi wa mtaa wa pili, ana kibaraza chake na ameshona sare za shule miaka mingi. Alishika, akauvuta, akaupeleka kwenye mwanga. "Mwanangu, sindano ya jinzi unashonea hariri? Haya matundu ndio utakayolalia chini yake."

"Shikamoo mama, sasa nifumue?"

"Marahaba. Ukifumua matundu si yanabaki? Kata."

Na ni kweli, kitambaa chenye utando hakisahau tundu. Pamba ukifumua nyuzi zinarudi, hiki hakirudi, tundu ni la kudumu. Kwa hiyo usishone kwa kubahatisha, na usitumie pini popote pale isipokuwa ndani ya eneo litakalomezwa na mshono. Mimi nimetumia vile vibanio vidogo vyeusi vya kubania makaratasi.

Nimekata ule ukingo wote, turubai likapungua upana sentimita 5, nikaanza upya hivi: sindano namba 11 mpya, uzi wa poliesta (pamba inanyonya maji na inaoza), nikalegeza uzi wa juu na skrubu ya bobini kidogo kidogo nikijaribia kwenye kipande cha tenti ya kwanza, urefu wa hatua ya mshono milimita 3. Mama fundi akaniongezea la kwake, kata gazeti vipande virefu vyembamba uweke chini ya kitambaa, meno ya cherehani yanashika gazeti badala ya kitambaa, ukimaliza unalichana linatoka. Hilo gazeti ndilo lililoniokoa. Mkono mmoja unavuta kitambaa taratibu mbele, mwingine nyuma, kinabaki kimekazwa kama ngoma, miguu inaenda polepole. Mshono wa pili umelala vizuri mita 3 zote.

Mapindo ya pembeni na viraka vya kona sina la kusema, ni kazi ya kuvumilia tu. Kila kona ina kiraka cha kitambaa cha sakafu, na kitanzi cha mkanda kimeshonwa kupitia kiraka, sio kwenye kitambaa chembamba.

16 Februari

Silikoni. Nimekosea upande.

Mshono unavuja kwenye matundu ya sindano kwa hiyo lazima uzibwe. Watu wanatumia silikoni ya tyubu, ile safi ya kuzibia vioo na masinki, wanailainisha kwa tapentaini ya rangi ya mafuta mpaka iwe kama uji mwepesi, halafu wanapaka kwa brashi. Usitumie thina ya rangi za magari, ina ukali wa kuweza kuharibu utando.

Nimechanganya silikoni moja kwa tapentaini tatu, nikatikisa kwenye chupa ya maji muda mrefu sana maana mwanzoni inakaa mabonge, nikapaka mshono wote kwa upande wa ndani, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nimekwaruza na kucha, ukatoka mkanda mzima, safi, kama ganda la kitunguu. Silikoni haishiki vizuri juu ya utando wa poliurethani. Upande wa nje wa shuka langu hauna huo utando, ni nyuzi zenyewe, kule inazama na kushika. Nimebandua yote, nimesafisha kwa spiriti, nimepaka upya upande wa nje, siku ya pili nimekwaruza mpaka kucha ikauma haijatoka. Tyubu moja ya elfu 8 imepotea hivyo.

Kitu kingine, ikikauka inabaki na kaunato, ukikunja turubai linajishika lenyewe na kuokota vumbi lote. Paka poda ya mtoto juu ya mshono halafu kung'uta, inaisha.

Ule upande wa tenti ya kwanza niliousugua nimeupaka mchanganyiko mwepesi zaidi, silikoni moja kwa tapentaini kumi, nimeutandaza kwa sponji na kufuta ziada. Umezuia maji vizuri tu. Nimeshonea vifuko vitatu vya nguo na chakula, kwa hiyo zile elfu 40 hazikuzama zote.

23 Februari

Nimelala chini ya turubai uani na mvua imenyesha kama niliyoiagiza, imeanza saa sita usiku mpaka karibu alfajiri.

Mshono wa mgongo haukuvuja hata tone. Kona moja ilivuja, pale pale nilipopitisha mkanda wa kitanzi sikupaka silikoni, nimeshapaka. Ila jambo lililonishtua ni kwamba nililala turubai limekazwa likiwa zuri, saa nane naamka limelegea, katikati limebeba maji kama karai, umebaki mkono mmoja linidondokee usoni. Nailoni ikilowa inarefuka. Poliesta ina nafuu zaidi kwa hilo, kwa hiyo ukipata tenti ya poliesta yenye uzito huo huo, chukua hiyo.

Dawa yake nimeipata kwa fundi baiskeli. Nimekata tyubu kuukuu pete nyembamba za upana wa sentimita 1, kila kamba nimeweka pete moja kati ya kitanzi na kamba. Ukisimamisha unavuta mpaka mpira urefuke mara moja na nusu, kitambaa kikilegea mpira unavuta wenyewe. Nimelowesha na mpira wa maji usiku wa pili, asubuhi bado limekaza.

Vigingi nimetengeneza vinane kwa spoki kuukuu za pikipiki, nimekunja kichwa kwa koleo. Vyote vinane gramu 100.

Turubai lenyewe limetoka gramu 560, kamba na mipira 110.

1 Machi

Begi. Nimechora begi lisilo na fremu, mkeka wa foma wa kulalia unakunjwa mara nne na kuingizwa mgongoni kwa ndani, huo ndio unaolipa begi mgongo. Sijauhesabu kwenye uzito maana hata zamani nilikuwa naubeba.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mbele na nyuma sentimita 30, pembeni 20 kila upande, mzunguko 100. Begi likijaa linakuwa duara karibu, mzunguko wa 100 unatoa eneo la sentimita za mraba 796, urefu 55, jumla lita 44 hivi. Nikakata. Nikashona pembe zote nne. Nikatia vitu vyangu, haviingii.

Nimekata vipande kwa vipimo vile vile vya begi lililokwisha bila kuongeza nafasi ya kushonea. Kila kipande kimeliwa sentimita 1.5 kila upande, yaani 3 kwa kipande mara vipande vinne, mzunguko umetoka 100 ukabaki 88. Unaona ni sentimita 12 tu lakini fanya hesabu, 88 inatoa eneo la 616, mara 55 ni lita 34. Lita kumi zimeondoka kwenye mishono! Mzunguko ukipungua asilimia chache, ujazo unapungua karibu asilimia mara mbili yake. Na kitambaa cha sakafu ya tenti hakikubaki cha kutosha kukata begi la pili.

Sikutupa. Nimeongeza kipande cha sentimita 18 katikati ya upande wa mbele, nyongeza inayobaki ni sentimita 12 baada ya mishono (kipande kinaliwa 3, na upande wa mbele niliokata katikati unaliwa 3 nyingine), kutoka kwenye mabaki ya shuka la nje lile jepesi, na juu yake nimeshonea mfuko wa chandarua ya madirisha wa kuwekea vitu vilivyolowa. Begi limerudi lita 44 na kile kipande chepesi kinalindwa na mfuko. Ukilitazama utadhani nilikusudia.

9 Machi

Mikanda ya mabegani. Nimekata umbo la herufi S kwenye kaki nikijipima mbele ya kioo, na ndani nikaweka sponji ya godoro kwa sababu ilikuwepo ndani ya nyumba. Usiweke. Kwa kilo 8 tu ile sponji imebonyea mpaka unausikia mshono kwenye mfupa wa bega, na jasho lote linaingia humo halikauki. Nimefumua, nimekata ukingo wa ule mkeka wa foma, milimita 10, haunyonyi maji na haubonyei hovyo. Mikanda yenyewe, klipu na vile vibana mkanda vyote nimevitoa kwenye begi bovu la mitumba nililonunua elfu 5, vikinunuliwa kimoja kimoja vingezidi hapo.

Juu nimeachanisha mikanda sentimita 14, nikaona inateleza kwenye mabega kila nikiinama. Nimesogeza mpaka 6. Sasa inakaa karibu na shingo na haitoki.

15 Machi

Begi limechanika njiani.

Nilikuwa na kilo 11, maji lita 4 na mchele, nimepita nyumba za mwisho naelekea Morningside, nikasikia krrrr, mkanda wa kushoto umetoka juu. Nimelivua nikaangalia kwa makini. Uzi haukukatika hata mmoja, na mkanda wenyewe mzima. Kilichokatika ni kitambaa, kwa mstari ulionyooka kabisa, kufuata matundu ya sindano, kama unavyochana tiketi kwenye kitabu chake. Mimi nilidhani nikishona pale kwa kurudia rudia mara nyingi na hatua fupi fupi ndio naimarisha, nilirudia mara nane hivi ndani ya sentimita 2. Kumbe kila tundu ni mkato, na matundu yakikaribiana sana kitambaa hakina tena pa kushikia.

Mama mmoja wa Kiluguru alikuwa anashuka na tenga la mboga kichwani anaenda sokoni, akasimama. "Pole baba, mzigo umekushinda?" Nikamwonyesha. Akatua tenga lake, akaingia pembeni kwenye shamba akatoka na kamba ya mgomba, akaisokota mapajani mara moja, akaifunga mkanda kwenye kitanzi cha juu cha kunyanyulia begi kwa fundo ambalo mpaka nafika nyumbani halikulegea. Nimeshuka na kilo 11 zile zile kwa kamba ya mgomba. Nimekaa nayo mezani jioni nzima naitazama. Ile kamba ilizunguka kitanzi chote na kitanzi kimeshonwa ndani ya mshono wa mlalo toka upande hadi upande, kwa hiyo mzigo ulitawanyika upana mzima wa begi. Mkanda wangu ulikuwa umening'inia kwenye sentimita 2 za kitambaa kitupu.

23 Machi

Marekebisho. Nimekata mgongo wa begi kwa mlalo pale juu, nikatengeneza mshono mpya upana mzima, na mikanda yote miwili imeingizwa katikati ya huo mshono pamoja na kitanzi. Kwa ndani kuna utepe wa mkanda wa begi wa sentimita 27 umeshonwa kando kando. Mikanda inashuka sentimita 5 chini ya mshono na kushonwa tena kwa kisanduku chenye alama ya kuzidisha katikati, hatua milimita 3, juu ya kiraka cha tabaka mbili. Chini, mikanda imeshonwa kwenye pembetatu za kitambaa, na pembetatu imeingia ndani ya mshono wa pembeni, sio juu ya kitambaa.

Tabaka zikifika saba cherehani yangu ilikataa. Mama fundi ana nzito zaidi lakini huu ni mwezi wa Ramadhani, kibaraza kizima kimejaa nguo za Idi, magauni ya watoto yananing'inia mpaka mlangoni. Sikutaka hata kumuuliza. Ni yeye aliyeniambia njoo baada ya tarawehe cherehani inakuwa imepumzika, na hela alikataa. Nimeshona kwa sindano namba 16 na uzi mnene wa nailoni wa mafundi viatu, polepole, nyingine kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Nimempelekea kilo mbili za tende.

Nimelitundika begi kwenye kenchi na ndoo ya lita 20 ndani, siku tatu. Hamna uzi uliosogea. Uzito wa mwisho gramu 690, viraka vimeongeza 50.

13 Aprili

Nimelala usiku mmoja Morningside na mdogo wangu aliyekuja toka Moshi, kibali tumechukua kwanza maana ule ni msitu wa hifadhi. Kilo 10 na nusu mgongoni pamoja na chakula. Masika imetuwahi njiani, utelezi mtupu, ila turubai tumelisimamisha kwa fimbo mbili za kutembelea kwa dakika kama kumi na tumekaa wakavu tukinywa chai huku ukungu unapita mbele yetu, minara ya kilele cha Bondwa inaonekana inapotea inaonekana. Mipira ya tyubu imefanya kazi usiku mzima, sikuamka kukaza kamba hata mara moja.

Kasoro nimeziona mbili. Mdomo wa begi niliufanya wa kukunja mara tatu na kubana klipu, maji hayaingii, lakini begi likijaa sana mkunjo hautoshi, nilitakiwa kuongeza sentimita 15 za urefu. Na kitako kimekwaruzika nilipoketi kwenye jiwe, tabaka moja pale haitoshi.

Mizani: turubai 560, kamba na mipira 110, vigingi 100, begi 690, jumla kilo 1 na gramu 460. Toka 4,300, na zile hazikuwa hata na vigingi.

Hela: tenti ya kwanza 40,000, ya pili na usafiri wake 35,000, sindano na nyuzi 9,000, silikoni tyubu mbili 16,000, tapentaini 6,000, mkanda wa begi wa vitanzi na utepe mita 7 kwa 8,400, begi bovu 5,000, mkeka wa foma 10,000, kamba mita 20 kwa 6,000, na spiriti, poda na makaratasi ya kaki 7,600. Jumla 143,000. Ukitoa tenti iliyooza na tyubu niliyopaka upande usio wake, inabaki 95,000.

Mdogo wangu ameshuka akiwa amelibeba yeye, na toka tufike anataka la kwake, safari hii kitako tabaka mbili. Pateni nimeshaichora upya kwenye kaki mpya leo mchana, na kwenye kila ukingo wa kila kipande nimeandika kwa peni nyekundu: ongeza 1.5.